Uzamili wa Sheria kwa Mtu wa Ijara

Shahada ya uzamili ya sheria husomwa na mtu ambaye tayari ana shahada ya kwanza ya sheria na sasa anataka kuzama katika tawi moja tu: katiba, ardhi, mazingira, haki za binadamu, ushuru, biashara ya kimataifa au mirathi. Nchini Kenya masomo haya hupangiwa miaka miwili. Mwaka wa kwanza ni wa darasani, wenye mihadhara, insha na mitihani. Wa pili ni wa tasnifu, yaani utafiti mrefu anaouandika mwanafunzi mwenyewe chini ya msimamizi. Mwaka huo wa pili ndio unaoipa shahada uzito wake, na ndio unaowashinda wengi.

Jambo moja huwachanganya wazazi, na wakati mwingine wanafunzi wenyewe: uzamili haumfanyi mtu kuwa wakili. Njia ya uwakili ni nyingine kabisa. Kuna miaka minne ya shahada ya kwanza, kisha Shule ya Sheria ya Kenya iliyoko Karen, Nairobi, mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, miezi sita ya kufanya kazi chini ya wakili mzoefu, na mwisho kiapo mbele ya Jaji Mkuu. Aliyepita hatua hizo anaweza kusimama mahakamani Garissa bila uzamili wowote. Mwenye uzamili ambaye hakupita Karen hana ruhusa ya kumtetea hata aliyeshtakiwa kwa kuiba mbuzi. Wala Katiba ya 2010 haiwadai majaji uzamili. Kifungu cha 166 kinataka shahada ya sheria na uzoefu, miaka kumi kwa Mahakama Kuu na kumi na mitano kwa Mahakama ya Juu, uwe wa kuamua kesi, wa uwakili au wa usomi uliotambulika.

Kwa nini basi watu huurudia ukumbi wa mihadhara? Mifano miwili ya wakuu wa mahakama inatoa mwanga. Willy Mutunga, Jaji Mkuu kuanzia 2011 hadi 2016, alisoma shahada ya kwanza na ya uzamili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa mhadhiri kabla ya kuwa mwanaharakati na hatimaye jaji. Kwake uzamili ulikuwa mlango wa kufundisha. Martha Koome, aliyeshika wadhifa huo mwaka 2021, alihitimu shahada ya kwanza Nairobi mwaka 1986, na uzamili wa sheria ya kimataifa Chuo Kikuu cha London mwaka 2010, akiwa tayari jaji. Kati ya shahada hizo mbili imepita miaka 24. Wahadhiri wengi watakubali kwamba mwanafunzi wa namna ya pili ndiye anayefaidi zaidi, maana anarudi chuoni na swali ambalo kazi yenyewe imemwachia.

Elimu ya sheria si ya zamani sana Afrika Mashariki. Kabla ya uhuru, aliyetaka kuwa wakili alikwenda London, jambo lililowafungia njia Waafrika wengi. Kitivo cha kwanza cha sheria katika eneo hili kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961. Nairobi ilipata kitivo chake mwaka 1970, Moi ya Eldoret ikafuata katika miaka ya 1990, na baadaye vikaja vyuo vingine vya umma na vya binafsi. Karibu vyote viko Nairobi, Bonde la Ufa, magharibi au Mombasa. Kaskazini Mashariki ilikosa chuo kikuu chake cha umma mpaka 2011, chuo cha ualimu cha Garissa kilipogeuzwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi. Tarehe 2 Aprili 2015 wapiganaji wa al-Shabaab wa Somalia walikishambulia na kuua watu 148. Kilifunguliwa tena Januari 2016 na kupewa hati ya kujitegemea mwaka 2017, lakini mizizi yake imebaki katika ualimu na fani jirani. Anayetaka sheria hufunga safari.

Kwa mtu wa Ijara safari hiyo ni ndefu kuliko ya wengine. Ijara ni kona ya kusini ya Kaunti ya Garissa, mashariki ya mto Tana, ikipakana na Lamu upande wa kusini na Somalia upande wa mashariki. Mji wake mkubwa ni Masalani. Kwa miaka mingi barabara ya kwenda Garissa mjini ilikuwa ya udongo, na mvua kubwa ziliponyesha magari yalikwama. Maktaba ya sheria haipo, na ofisi za mawakili za kujifunzia kazi ni za kutafuta kwa tochi. Ukiipima Ijara kwa mambo hayo, utasema ni mahali pabaya pa kuanzia masomo ya juu ya sheria. Ukiipima kwa maswali ya kisheria yaliyolala pale bila majibu, ni miongoni mwa mahali tajiri kabisa nchini, na tasnifu huanza na swali.

Swali kubwa kuliko yote ni la ardhi. Karibu eneo lote la Ijara ni malisho ya wafugaji wa Kisomali, na hakuna hati ya mtu mmoja mmoja. Chini ya katiba ya zamani ardhi ya namna hii ilishikwa na mabaraza ya kaunti ya wakati huo kwa niaba ya wenyeji. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, iliiita ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikaeleza namna ya kuisajili: jamii ijiandikishe, iwe na mkutano mkuu wa watu wazima wote, ichague kamati ya watu saba hadi kumi na watano, na uamuzi wa kuiachia ardhi upite kwa theluthi mbili. Mpaka usajili ufanyike, serikali ya kaunti inaishika ardhi hiyo kama amana na hairuhusiwi kuiuza. Fidia ikilipwa kwa ajili ya mradi wowote, kaunti huitunza mpaka jamii isajiliwe.

Kwenye karatasi mambo ni safi. Huko malishoni, la kwanza kuulizwa ni jamii ni nani. Katiba inasema ni watu waliounganishwa na kabila, utamaduni au maslahi yanayofanana. Mfugaji aliyehamia na ngamia wake wakati wa ukame, akachimba kisima na kukaa misimu mitatu, yumo au hayumo? Waaweer wa msitu wa Boni, ambao kwa asili ni wawindaji na warina asali, wanasajiliwa pamoja na wafugaji walio wengi au peke yao? Wapokomo wanaolima kingo za Tana wana dai gani juu ya njia ambayo ng'ombe huitumia kushuka kunywa maji? Sheria ya 2016 ina vifungu juu ya wafugaji na juu ya haki za kupita, lakini iliandikwa kana kwamba jamii hukaa mahali pamoja na kujua idadi yake. Tasnifu inayochukua kata moja ya Ijara na kuonyesha jinsi vifungu hivyo vinavyofanya kazi, au visivyofanya, itasomwa na mawakili, maofisa wa ardhi na wabunge.

Na swali hilo lina haraka. Barabara ya mradi wa uchukuzi wa LAPSSET kutoka bandari ya Lamu kwenda Garissa na Isiolo inapita eneo hilo, na ardhi iliyokuwa ya mbuzi peke yake imeanza kuwa na bei. Mahakama imekwisha kuonyesha kwamba mradi huo hauko juu ya sheria. Mwaka 2018, katika kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake, Mahakama Kuu iliamua kwamba ujenzi wa bandari ya Lamu ulivunja haki za wavuvi, ikiwemo haki ya mazingira safi na ya kushirikishwa, ikaagiza walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Wavuvi hao hawakuwa na hati ya bahari. Je, hoja iliyowasaidia wao inaweza kumsaidia mfugaji asiye na hati ya malisho? Hapo peke yake pana tasnifu nzima.

Uhifadhi wa wanyama ni mtoto wa swali hilohilo. Hifadhi ya jamii ya Ishaqbini ilianzishwa kumlinda hirola, swala aliyebaki kwa idadi ndogo mno katika mpaka wa Kenya na Somalia. Hifadhi za aina hii hukaa juu ya ardhi ya jamii, na uhalali wake unategemea nani aliridhia, kwa utaratibu gani.

Swali la pili ni maslaha. Wasomali wa Kaskazini Mashariki wana desturi ya kumaliza kesi, hata ya mauaji, kwa wazee wa pande mbili kukaa chini ya mti na kukubaliana fidia ya mifugo. Serikali ya kikoloni iliitumia, na serikali ya uhuru haikuiondoa. Kifungu cha 159 cha Katiba kinazitaka mahakama zikuze njia za jadi za kusuluhisha migogoro, na papo hapo kinazikataza njia hizo kuvunja haki za msingi. Mwaka 2013 mvutano huo ulifika Mahakama Kuu Nairobi katika kesi ya Jamhuri dhidi ya Mohamed Abdow Mohamed, aliyeshtakiwa kwa mauaji yaliyotokea Eastleigh. Familia zilikuwa zimeshapatana kwa ngamia, mbuzi na taratibu za dini na desturi, na mashahidi hawakuwa tayari tena kufika. Upande wa mashtaka uliomba kesi iondolewe, na jaji akakubali.

Tangu siku hiyo uamuzi huo umechambuliwa darasani mara nyingi, kwa kawaida na watu ambao hawajawahi kukaa katika kikao cha maslaha. Wanaousifu husema amani kati ya koo mbili ina thamani kuliko kifungo cha mtu mmoja. Wanaoulaumu huuliza maskini asiye na ukoo wenye ngamia atajikomboa kwa kitu gani. Hoja nzito zaidi ni ya wanawake. Katika kesi za ubakaji, wazee huzungumza na baba na ami wa msichana, fidia huingia mikononi mwao, na mwenyewe haulizwi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 40, haiwaachii polisi wala familia uamuzi wa kuifuta kesi ya namna hiyo. Uamuzi ni wa mwendesha mashtaka mkuu wa serikali. Kwa hiyo kisheria maslaha peke yake haiwezi kuimaliza. Kwa vitendo inaimaliza kila mara shahidi asipofika mahakamani, na pengo hilo kati ya kifungu na kituo cha polisi halijaandikwa vya kutosha. Ofisi hiyo ya mashtaka, kati ya 2018 na 2023, iliongozwa na Noordin Haji, mwenye shahada ya uzamili ya sheria, mwana wa Yusuf Haji aliyekuwa mbunge wa Ijara. Ijara pia ndiyo iliyomchagua Sophia Abdi Noor mwaka 2017, mwanamke wa kwanza kushinda kiti cha ubunge wa jimbo Kaskazini Mashariki, ambaye kabla ya hapo alikuwa amepigania kwa miaka mingi kukomeshwa kwa ukeketaji.

Swali la tatu ni la mahakama ya kadhi. Kifungu cha 170 kinampa kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, wahusika wote wakiwa Waislamu na wakikubali kuhukumiwa naye. Mahali kama Ijara, ambako karibu kila mtu ni Mwislamu, sehemu kubwa ya sheria inayomgusa raia huamuliwa na kadhi, huku vitabu vya chuoni vikimtengea sura moja fupi. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2025 uliukoleza mjadala. Mahakama ilisema watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba yao Mwislamu kwa sababu ya kuzaliwa huko. Masheikh wengi waliupinga vikali, mawakili wa haki za watoto wakaushangilia, na makadhi ndio waliobaki na kazi ya kuamua kesi inayofuata.

Aliyesoma sharia Madina au Khartoum anaweza kudhani kwamba uwanja huu ni wake moja kwa moja. Vitivo vingi vya Kenya hudai shahada ya kwanza ya sheria yenyewe kabla ya kumpokea mtu kwenye uzamili wa sheria, na shahada ya nje sharti itambuliwe kwanza na mamlaka za Kenya. Mwenye shahada ya sharia peke yake mara nyingi huelekezwa kwenye uzamili wa masomo ya Kiislamu, ambao ni njia nyingine.

Yapo pia maswali ya uraia na ukimbizi. Kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizofunguliwa kuanzia 1991, ziko katika kaunti hiyohiyo ya Garissa, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ilizuia agizo la serikali la kuzifunga. Raia wa Kenya walioingia kambini wakati wa njaa ili wapate posho waliandikwa kuwa wakimbizi, na baadaye wakanyimwa vitambulisho. Nyuma yao kuna historia ndefu zaidi: sheria za hali ya hatari zilizoitawala Kaskazini Mashariki mpaka 1991, na Sheria ya Kinga ya 1970 iliyowalinda maofisa wa serikali kwa yaliyotendwa wakati wa vita vya shifta, yaani vya waasi waliotaka kujitenga, kuanzia Desemba 1963 hadi Desemba 1967.

Swali likishapatikana, kazi yenyewe ina hatua zake. Kwa kawaida vyuo hutaka shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu, au daraja la pili la chini pamoja na uzoefu wa kazi. Mwanafunzi akimaliza masomo ya darasani huandika pendekezo la utafiti linaloeleza tatizo, walichosema waliotangulia, nadharia na mbinu, kisha hulitetea mbele ya jopo. Pendekezo baya hujulikana kwa upana wake. "Haki za ardhi Kaskazini Mashariki" si mada ya tasnifu, ni mada ya maisha. Jopo litamrudisha mwanafunzi mara mbili tatu mpaka abaki na sheria moja, mahali pamoja na swali linaloweza kujibiwa.

Mbinu za utafiti wa sheria ni mbili kuu. Ya kwanza ni kusoma sheria, hukumu na maandishi ya wanazuoni na kuyapima. Kwa hili, mtu aliye Masalani na simu tu ameokolewa na Baraza la Taifa la Kuripoti Sheria, linaloweka hukumu za mahakama za Kenya mtandaoni bure. Mtandao wenyewe hutegemea milingoti, na katika kaunti za mpakani al-Shabaab wamewahi kuilipua zaidi ya mara moja. Mbinu ya pili ni kwenda kwa watu. Hapo mtafiti huhitaji kibali cha tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, na kuripoti kwa wakuu wa kaunti kabla ya kuanza mahojiano. Upande wa Hulugho, hukohuko Ijara, na wa msitu wa Boni, ambako operesheni ya kijeshi ilianza mwaka 2015, kibali cha karatasi hakimhakikishii mtu kufika.

Katika utafiti wa namna hii mzaliwa wa Ijara ana faida isiyonunulika. Mgeni kutoka Nairobi hulipa mkalimani wa Kisomali na kuongea na wazee waliochaguliwa na chifu. Mwenyeji anajua ni mzee gani hakualikwa. Ila faida hiyo ina mtego. Mtafiti anayeandika juu ya mgogoro wa malisho ilhali ukoo wake ni mmoja wa wahusika atashukiwa na pande zote, na mtahini wa nje atamuuliza juu ya hilo. Dawa yake ni kulieleza wazi katika sura ya mbinu na kuhakikisha upande wa pili umehojiwa kwa uzito uleule.

Karo ya uzamili nchini huhesabika kwa laki kadhaa za shilingi, bila kodi ya nyumba na chakula cha Nairobi. Basari za kaunti na za mfuko wa maendeleo wa jimbo hulenga zaidi shule za sekondari na shahada ya kwanza. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, hutoa mikopo kwa wanafunzi wa uzamili, na wengi husoma jioni huku wakifanya kazi, jambo linalowafaa walioajiriwa Nairobi na kumtupa nje mwalimu au karani aliyeko Masalani. Kwake, masomo ya mbali ni chaguo la kweli: Chuo Kikuu cha London kimetoa uzamili wa sheria kwa njia hiyo tangu 1925, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho kinao.

Ufadhili wa nje upo kwa wenye alama nzuri. Chuo Kikuu cha Pretoria kimeendesha tangu mwaka 2000 uzamili wa haki za binadamu na demokrasia barani Afrika, kikichukua wanafunzi wachache kutoka nchi mbalimbali na kuwapeleka muhula wa pili katika vyuo washirika, Makerere kikiwemo. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hulipia mwaka mmoja wa masomo kwa mwenye angalau miaka miwili ya kazi, kwa sharti la kurudi nyumbani baada ya hapo. Mwaka mmoja wa Uingereza unavutia kwa ufupi wake, ila tasnifu zake ni fupi vilevile na nyingi huandikwa maktabani. Anayetaka kuzunguka sehemu za Ijara kama Kotile na Sangailu akiuliza watu juu ya visima atapata nafasi zaidi katika chuo cha nyumbani.

Baada ya kuhitimu, mlango ulio wazi zaidi ni wa kufundisha ngazi za chini chuoni, kwa kuwa uhadhiri kamili siku hizi unadai uzamivu. Mashirika ya wakimbizi, tume za kikatiba na ofisi za sheria za kaunti huuhesabu uzamili katika ajira na vyeo. Tasnifu yenyewe huwekwa katika hazina ya mtandaoni ya chuo, kwa Kiingereza, ambako wakili anayetafuta hoja anaweza kuikuta. Wazee waliohojiwa hawaikuti huko, na hakuna kanuni ya chuo inayomlazimisha mwandishi kuwapelekea muhtasari kwa lugha yao, ingawa wapo wachache ambao hufanya hivyo kwa hiari.